Alama za irabu za Kipunjabi: jinsi ya kuziandika ili kompyuta izielewe

Kipunjabi cha upande wa India huandikwa kwa hati ya Gurmukhi, ambayo Unicode, mfumo wa kuipa kila herufi namba yake ya msimbo, imeitengea nafasi kuanzia U+0A00 hadi U+0A7F. Konsonanti ikisimama peke yake tayari ina a ndani yake: ਕ husomwa ka. Ukitaka irabu nyingine unaibandika alama, na alama zenyewe ni tisa. Aliyewahi kusoma Kiswahili cha hati ya Kiarabu chenye irabu zake juu na chini hatapata taabu.

Hatua ya 1: fuata matamshi, usifuate macho. Hapa ndipo wengi huteleza. Chukua jina Singh, ambalo Afrika Mashariki tunalijua tangu enzi za Joginder Singh wa Safari Rally: ਸਿੰਘ. Alama ya i, yaani sihari, inaonekana kushoto kwa s kana kwamba imeitangulia. Ndani ya faili, s ndiyo ya kwanza. Jionee kwa Python:

`for h in "ਸਿੰਘ": print(hex(ord(h)))`

Utapata 0xa38 (s), 0xa3f (sihari), 0xa70 (tippi, ya sauti ya puani) na 0xa18 (gh). Kuisogeza sihari kushoto ni kazi ya fonti na programu inayochora maandishi. Fonti za zamani kama AnmolLipi hazikuwa hivyo: humo herufi za Kilatini ndizo zilizovishwa sura za Gurmukhi, na Singh huandikwa "isMG", i ikiwa mbele. Ukihamisha maandishi hayo, irudishe nyuma ya konsonanti yake.

Hatua ya 2: irabu isiyo na konsonanti. Kwa kalamu, alama huwekwa kwenye kibebeo, yaani herufi ya kuishikilia, kimoja kati ya vitatu: ੳ, ਅ, ੲ. Kwenye kibodi usiviunganishe mwenyewe. Irabu nzima ina msimbo wake: ਇ ni U+0A07, si U+0A72 (ੲ) ikifuatwa na U+0A3F (sihari).

Niliwahi kuletewa orodha ya wanachama yenye kina Inder wawili, ਇੰਦਰ, wamefanana kama mapacha kwenye skrini, lakini ukitafuta anapatikana mmoja tu. Wa pili alikuwa ameandikwa kwa kibebeo na alama. Nikajaribu kusawazisha kwa NFC, kanuni ya Unicode ya kuyafanya maumbo yaliyo sawa kuwa mamoja. Haikubadilika kitu, kwa sababu Unicode haihesabu maumbo hayo mawili kuwa sawa.

Hatua ya 3: badilisha mwenyewe kibebeo na alama kuwa irabu nzima, kabla ya kuhifadhi na kabla ya kutafuta (kila mstari: kibebeo + alama moja moja → irabu zake kwa mpangilio huohuo):

- 0A72 + 0A3F, 0A40, 0A47 → 0A07, 0A08, 0A0F
- 0A05 + 0A3E, 0A48, 0A4C → 0A06, 0A10, 0A14
- 0A73 + 0A41, 0A42, 0A4B → 0A09, 0A0A, 0A13

Hatua ya 4: angalia unapokata maneno. Katika UTF-8, njia ya kawaida ya kuhifadhi misimbo ya Unicode kwenye faili, kila msimbo hapa huchukua baiti 3, kwa hiyo Singh ni baiti 12. Ukikata kati ya s na sihari, sihari itabaki ikining'inia kwenye duara la vitone.