Dawa ya Deni Ina Dozi: Tulivyolipa Huku Vitu Vikiharibika

Wahenga walituachia kwamba dawa ya deni ni kulipa. Hawakutuachia dozi. Mwezi wa kwanza wa "kujirekebisha" mimi niliinywa chupa nzima. Mshahara wa mume wangu na pesa zangu za ushonaji zilipoingia, niliwalipa wadai wote, wengine nikawazidishia, nikalala usingizi mtamu. Tarehe 19 mota ya cherehani ikaungua. Ndani hakukuwa na akiba hata ya kumwita fundi, na bila cherehani mimi sina kazi. Nikakopa kwa simu, kwa riba mbaya kuliko ya deni lolote nililolipa wiki mbili kabla.

Haya ndiyo tuliyofanya baada ya mwezi ule. Tulikuwa na madeni saba, na jumla yake ilizidi mapato yetu ya miezi saba. Tulimaliza mwezi wa 29. Ili hesabu zangu zimfae yeyote, 100 nitakayoitaja hapa ni kile kinachoingia nyumbani kwa mwezi mmoja, kiwe kidogo au kikubwa.

Hesabu mikosi kabla ya madeni

Kila mshauri huanza na orodha ya madeni. Mimi nakwambia anza na mikosi. Nilikaa na daftari na jumbe za simu za miezi 12, nikaandika kila kitu "cha ghafla" kilichotutoa pesa. Mota. Jino la mtoto. Bomba lililopasuka. Viatu vya shule vilivyoachama katikati ya muhula. Nauli ya kwenda kumwona mama mkwe alipolazwa. Mambo 11 kwa mwaka mmoja, na jumla yake 125: mapato ya mwezi mzima na robo.

Kitu kinachokuja mara 11 kwa mwaka si cha ghafla. Ni bili isiyokuwa na tarehe.

Gawa jumla yako kwa 12. Kwetu ilitoka kama 10 kila mwezi. Nikaiweka kwenye mstari mmoja na mengine: marejesho ya mikopo 38, matumizi ya kawaida 58, mikosi 10. Jumla 106, ndani ya nyumba inayoingiza 100. Ile 6 ya juu ndiyo iliyokuwa inatupeleka kukopa upya kila mara. Miaka miwili nilikuwa namlaumu mume wangu kuwa mfujaji, naye ananilaumu kwa vitambaa (na kwa vitambaa alikuwa na haki kidogo), kumbe hata tungekuwa malaika, hesabu yenyewe ilikuwa haifungi.

Sasa madeni, na safu moja ambayo watu huisahau

Andika deni, salio, rejesho la mwezi, riba na tarehe ya kulipa. Kisha ongeza safu ya mwisho: nisipolipa, naondokewa na nini? Deni moja litaondoa paa. Jingine litaondoa cherehani, kwa sababu niliichukua kwa mali kauli, nilipe baadaye. La kaka yangu litaondoa undugu, hata kama yeye hatozi riba. Lile la simu litaleta kelele nyingi na faini, lakini haliwezi kututoa nyumbani.

Safu hiyo ndiyo iliyonifundisha kwamba anayepiga simu mara nyingi siye wa kulipwa kwanza. Nilikuwa nalipa kwa kufuata makelele. Kodi inasubiri kwa sababu mwenye nyumba ni mpole, halafu mwenye maneno makali anapata chake. Geuza. Paa, maji na umeme, chombo cha kazi, na deni ambalo mtu mwingine amekudhamini huwekwa salama kwanza, kwa kiwango cha chini kinachotakiwa. Ukishindwa la udhamini, anayefuatwa ni mdhamini wako.

Kwenye safu ya riba usiandike tarakimu peke yake. Uliza inatozwa juu ya nini. Chukua mkopo wa mfano tu (usioupime kwa ile 100 yetu) wa 1,200 wa miezi 12 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka. Ikitozwa juu ya kiasi chote cha mwanzo hadi mwisho, utalipa riba ya 144. Ikitozwa juu ya salio linalopungua, utalipa kama 79. Asilimia ni ileile, mikataba miwili tofauti. Na huo wa kwanza una jambo jingine: kulipa mapema huenda kusikupunguzie chochote, kama mkataba hausemi kwamba utasamehewa riba iliyobaki. Soma kabla ya kuukimbiza.

Mikopo midogo ya mwezi mmoja mara nyingi haiandiki riba, inaandika "ada". Yangu ilikuwa asilimia 9 kwa siku 30, ikaonekana ndogo. Lakini ukilipa ada tu na kuusogeza mbele kila mwezi, mwaka ukiisha umetoa asilimia 108 ya ulichokopa, na deni bado liko palepale limekunja nne.

Ziba pengo kwanza

Sisi tulikuwa na pengo la 6. Tulipunguza matumizi kutoka 58 hadi 53, na sitakudanganya kwamba ilikuwa rahisi au kwamba nina siri. Tulikata vitu ambavyo hakuna aliyevililia baada ya wiki ya pili, kisha tukakata viwili ambavyo watoto walivililia sana. Kimoja tukakirudisha.

Hatua ya pili ilikuwa kuomba mkopo mkubwa urefushwe muda. Rejesho likashuka kwa 5, marejesho yote yakawa 33. Kurefusha si bure. Ule mkopo wa mfano wa 1,200, kwa riba ya salio linalopungua, rejesho lake la miezi 12 ni kama 107. Ukiupeleka miezi 24 linashuka hadi kama 56, lakini riba inapanda kutoka 79 hadi 156. Karibu mara mbili. Tulikubali kwa sababu kukopa kwa simu kila mwezi kuziba pengo kulikuwa ghali zaidi. Kama pengo lako linazibika bila kurefusha, usirefushe.

Sasa hesabu ikawa 33, 53 na 10. Jumla 96. Ilibaki 4. Mume wangu akacheka: "Nne?" Nne.

Bahasha ya mikosi

Hii ndiyo dozi. Ile 10 inawekwa kando siku pesa inapoingia, kabla ya kumlipa mdai yeyote zaidi ya kiwango cha chini. Watu watakwambia ni ujinga kuweka akiba isiyozaa huku deni linakula riba, na kwenye karatasi wana hoja. Lakini kwa mtu asiye na akiba, pesa ya kuzima mkosi hutoka kwenye mkopo wa haraka, na mkopo wa haraka ndio wenye riba ya juu kuliko yote. Bahasha inakukinga na huo.

Kuianzisha, niliuza mashine ya kudarizi niliyokuwa naifutia vumbi tu. Ilileta 18. Nikaweka 8 kwenye bahasha. Iliyobaki, 10, ikaenda kuua deni dogo kuliko yote, na hapo nikaelewa raha ya kufuta mstari kwenye daftari.

Iweke mahali ambapo kuitoa kunakuchukua angalau dakika kumi. Yetu ilikuwa akaunti tofauti isiyounganishwa na simu yangu. Isiwe mbali sana, kwa sababu jino la mtoto halisubiri Jumatatu. Na muwe na kanuni ya nini kinaruhusiwa. Yetu ilikuwa fupi: kitu kimevunjika, mtu anaumwa, au kazi imesimama. Harusi ya rafiki haimo. Nilijaribu kuiingiza mara moja kwa hoja ya kwamba kazi yangu ni kushona na ile ni fursa ya kutafuta wateja. Nilipigiwa kura nikashindwa, mbili kwa moja. Binti yetu mkubwa naye alikuwa na kura.

Lipi liende kwanza

Kuna njia mbili zinazojulikana: kumaliza madogo kwanza ili upate moyo, au kushambulia la riba kubwa kwanza ili upoteze kidogo. Ya pili ndiyo inayookoa pesa zaidi. Mimi nilichanganya, na sababu yangu haikuwa moyo. Deni dogo linapokufa linaachia rejesho lake, na rejesho lililoachiwa ni nafasi ya kupumua mkosi ukija.

Lile la kwanza liliachia 4. Pamoja na 4 yetu iliyobaki ikawa 8. Deni la pili lilikuwa na salio la 20 na rejesho la 3, kwa hiyo tukawa tunalipigia 11 kwa mwezi. Miezi miwili likaisha. Kuanzia hapo ile 11 yote tukaielekeza kwenye lenye riba kubwa, na hatukubadilisha tena utaratibu.

Unapolipa zaidi ya rejesho, sema kwa maandishi kwamba ziada ipunguze deni la msingi, yaani kiasi chenyewe ulichokopa bila riba. Usiposema, mkopeshaji anaweza kuihesabu kama rejesho la mwezi ujao lililowahi, na riba ikaendelea kama kawaida. Na ukichelewa, wengi hukata faini kwanza, kisha riba, msingi mwisho. Ndiyo maana mtu anaweza kulipa miezi mitatu na salio lisisogee.

Siku mkosi unapobisha hodi

Mwezi wa nane mume wangu alipunguziwa saa za ziada kazini, na wiki hiyohiyo mtoto akavunjika mkono. Mapato yalishuka hadi 84. Bahasha ilikuwa na 31.

Kabla ya kugusa chochote tulijiuliza maswali matatu. Nikisubiri siku saba itaharibika zaidi? (Mkono, ndiyo, bomba, ndiyo, kioo cha simu kilichopasuka, hapana.) Kuna sehemu yake tu inayotosha kwa sasa? Na kuna mdai gani anayepaswa kujua leo?

Hilo la tatu ndilo gumu. Mpigie mkopeshaji kabla ya tarehe, si baada. Kabla ya tarehe wewe ni mteja mwenye shida. Baada ya tarehe wewe ni mdaiwa aliyechelewa, na mara nyingi hata dirisha la kuhudumiwa ni jingine. Usieleze maisha yako yote. Mimi niliiandika kwenye karatasi nikaisoma: "Mapato yamepungua kuanzia mwezi huu. Naweza kulipa kiasi hiki, tarehe hii, kwa miezi mitatu. Naomba mnithibitishie kwa maandishi." Mmoja alikubali nilipe riba tu kwa miezi mitatu. Mmoja alisogeza tarehe iwe baada ya mshahara, jambo ambalo ningeliomba tangu siku ya kwanza kama ningejua linaombwa. Wa tatu alikataa, akanipa suluhisho la "kuongezewa mkopo". Hapo jibu ni asante, hapana. Andika tarehe na jina la uliyeongea naye, daftarini, papo hapo.

Ziada ya 11 tuliisimamisha. Nilijihisi nimeshindwa kwa wiki nzima, halafu nikaona kwamba hatukuwa tumekopa upya. Mwezi wa kumi na mbili mapato yaliporudi tulijaza bahasha kwanza, kisha tukaendelea.

Kuhusu ndugu wanaokuja kuomba wakati wewe mwenyewe unadaiwa: tuliamua kiasi kidogo kwa mwaka, tukakiita cha kutoa. Kikiisha, kimeisha. Wifi yangu alinuna miezi miwili. Kwa kaka yangu tulifanya kinyume cha nilivyozoea. Badala ya kumkwepa nilimpelekea 2 kila mwezi, siku ileile, hata mwezi wa mkono. Akaacha kuuliza.

Deni linapoisha

Rejesho la mwisho si mwisho wa kazi. Omba barua inayoonyesha kuwa salio ni sifuri. Dai dhamana yako irudishwe, kama ni hati, hati yenyewe na si nakala. Kama ulikuwa na mdhamini, mpelekee nakala ya barua naye aondoe wasiwasi. Na kama malipo yalikuwa yanakatwa moja kwa moja kwenye mshahara au akaunti, hakikisha amri hiyo imefutwa. Usingoje wao wakumbuke.

Sisi tulingoja wakumbuke. Wakakata mwezi mmoja zaidi, na ilinichukua wiki tatu na safari mbili kurudishiwa. Ilipoingia niliipeleka kwenye bahasha, kwa sababu pedali ya cherehani ilikuwa imeanza kukwama.