Somo: Kuchagua balbu ya taa kubwa ya pikipiki

Ukiingia duka la spea ukasema "nipe yenye mwanga mkali", utapewa, tena kwa bei. Lakini kabla ya kuulizia mwanga, jua pikipiki yako inabeba umeme kiasi gani. Nimeshaona soketi nyingi zilizogeuka rangi ya kahawia, plastiki imeganda kwenye miguu ya balbu hadi uing'oe kwa koleo, na chanzo ni balbu kubwa kuliko waya.

Hatua ya 1: Toa balbu ya zamani uisome. Kwenye bati lake utakuta maandishi kama 12V 35/35W. Namba zile mbili ni za dimu na fuli, kwa sababu ndani ya balbu moja mna nyuzi mbili. Pikipiki nyingi za 100 hadi 150cc zinazofanya bodaboda, Boxer na TVS HLX zikiwemo, ni za 35/35W.

Kisha angalia kitako, ndicho kinachotofautisha aina za balbu. Aina ya HS1 ina bati la duara lenye masikio matatu, na nyuma miguu mitatu bapa. BA20d ina kitako cha mviringo chenye pini mbili ubavuni na nukta mbili za kupitisha umeme chini. Unaibonyeza kisha unaizungusha. Tatizo lipo kwenye H4, balbu ya gari ya 60/55W. Inafanana na HS1 kiasi kwamba wengi huilazimisha ikaingia. Piga hesabu: wati 35 kwa volti 12 ni karibu ampea 3, wati 60 ni ampea 5. Waya, swichi ya mkononi na sahani ya taa ya plastiki (ile ya rangi ya fedha ndani ya taa, inayorudisha mwanga mbele) havikutengenezwa kwa joto hilo. Beba balbu ya zamani mkononi uende nayo dukani, usitegemee kukumbuka.

Hatua ya 2: Jua taa yako inakula umeme wa wapi. Fungua swichi ya funguo bila kuwasha injini, kisha washa taa. Ikiwaka, inatumia betri. Isipowaka mpaka injini ingurume, na ikawa inafifia ukiachia mafuta na kung'aa ukipiga resi, inakula moja kwa moja kwenye koili inayozalisha umeme injini ikizunguka, yaani umeme wa AC; ule wa betri ni DC. Hatua hii watu wanairuka, na ndiyo inayoamua kama LED itakufaa.

Hatua ya 3: Halojeni (balbu ya kawaida ya nyuzi) au LED (isiyo na nyuzi, inawaka kwa vinukta vidogo). Taa ikiwa ya AC, baki na halojeni, au tafuta LED iliyoandikwa wazi kwamba inakubali AC na DC. Ikiwa ya betri, LED nzuri inakula umeme kidogo. Ila itazame kwa makini: vile vinukta vya mwanga vikae pale pale nyuzi za halojeni zilipokaa, vitazame kulia na kushoto. Vikikaa pengine, sahani inatawanya mwanga; wewe huoni mashimo, na anayekuja mbele yako haoni kitu. Balbu za kioo cha buluu siziungi mkono, maana rangi ile inakata sehemu ya mwanga, na kwenye mvua ndipo utajuta.

Hatua ya 4: Kufunga. Kioo cha halojeni usikiguse kwa vidole, mafuta ya ngozi yanakiunguza sehemu moja na balbu inakufa mapema. Ukikigusa, kifute kwa spiriti. Rudisha mpira wa nyuma usiingize vumbi.

Mwisho rekebisha mwelekeo. Simama mbele ya ukuta mahali tambarare, mtu akiwa amekaa nyuma, kwa sababu mzigo unashusha nyuma na kuinua taa. Mwanga wa dimu upige ukutani chini kidogo ya kimo cha taa yenyewe.

MASWALI

Shikamoo fundi. Balbu zangu zinaungua kila mara na nanunua 35/35W ile ile. Shida nini?
Marahaba. Pima volti kwenye betri huku ukipiga resi. Kawaida ni 14 hadi 14.5 hivi. Ikivuka 15, regyuleta, kifaa kinachodhibiti volti za chaji, imekufa; ibadilishe kabla hujanunua balbu nyingine, maana hata betri itachemka.

Mkuu, nimefunga LED inapepesa, nikipiga resi inatulia.
Hiyo ni taa ya AC kaka. Rudia hatua ya 2. Fundi umeme anaweza kuihamishia kwenye betri, lakini ahakikishe kwanza chaji inatosha, la sivyo asubuhi utapiga kiki.

Balbu mpya, kitako sahihi, ila mwanga bado hafifu.
Taa ikiwa ya betri, pima volti kwenye soketi taa ikiwa inawaka, kisha pima kwenye betri. Zikipishana zaidi ya nusu volti, umeme unapotea njiani: swichi, viungio, au waya wa ethi (unaorudisha umeme kwenye bodi) wenye kutu. Volti zikiwa sawa, chungulia sahani. Kama rangi ya fedha imebanduka, nunua taa nzima.