Kabla hujaenda kutazama matandiko ya viraka Nane Nane ya Tabora

Agosti ikikaribia, sisi wapenzi wa sindano wa Kigoma huanza kuulizana nani anakwenda Tabora. Maonesho ya Nane Nane ya Kanda ya Magharibi hukutanisha mikoa yetu miwili pale Ipuli, na wengi hufuata mbegu, matrekta na ng'ombe. Mimi hufuata mabanda ya ushonaji: mashuka ya kudarizi, vitambaa vya makochi, na hasa matandiko ya viraka vya vitenge na kanga, yakibahatika kuwepo. Watu hupita mbele ya tandiko ambalo mama wa watu amelishona miezi, wakasema "linapendeza," wakaenda zao. Macho wanayo, ila hakuna aliyewaambia watazame nini. Kwa hiyo haya ninayoyaandika ni ya kufanya ukiwa bado nyumbani.

Kubwa kuliko yote, na kwangu linaitangulia hata nauli, ni kushona kidogo kabla ya kwenda. Mabaki ya vitenge hayakosekani sakafuni kwa fundi yeyote, mwombe. Kata miraba tisa ya inchi 3 kila upande. Unga mitatu mitatu upate mistari mitatu, kisha unga mistari hiyo upate mraba mmoja mkubwa. Acha robo inchi ya mshono kila mahali, na upige pasi kila unapomaliza kuunga. Utashangaa kwamba mitatu ya inchi 3 haikupi 9 bali 8, maana kila mshono umemeza nusu inchi. Utashangaa zaidi pembe za katikati zikikataa kukutana. Ukipotoka upana wa uzi tu kwenye kila mshono, mishono ikiwa mingi kosa lote huonekana ukingoni. Sasa fikiria tandiko la kitanda cha futi sita lenye mamia ya miraba, na pembe zote zimekutana. Aliyehangaika na miraba tisa atasimama mbele yake kwa namna nyingine kabisa.

Jua pia tandiko limejengwaje. Juu ni uso wa viraka vilivyoungwa. Katikati ni tabaka laini, mara nyingi pamba, na mahali pengine blanketi kuukuu. Chini ni kitambaa cha mgongo. Matabaka hayo matatu yanashikiliwa na mishono inayopenya toka juu hadi chini, na hapo ndipo penye kazi ya subira. Wanaoshona kwa mkono huko Marekani husifiana mtu akifikisha mishono 10 ndani ya inchi moja. Beba futi ya fundi mfukoni. Si ya kumkagua mtu, ni ya kulielekeza jicho lako: pima inchi moja kwa macho, hesabu, na uone kama mishono inalingana. Mishono inayolingana ni sifa kubwa kuliko mishono midogo. Mkono uliotulia ndio unaoitoa.

Ukifika, simama kwanza mbali, hatua sita au saba. Viraka hupangwa ili visomeke kwa mbali: rangi nzito dhidi ya nyepesi hutengeneza nyota, ngazi au mawimbi ambayo ukiwa karibu huyaoni. Kisha sogea, utazame kwa ubavu, mwanga ukipita juu ya kitambaa. Mkunjo na mvuto wa uzi utajitokeza. Mwisho omba uoneshwe mgongo. Mgongo hausemi uongo kuhusu mafundo, nyuzi zilizokatwa ovyo na mahali fundi aliporudia. Kwa vitenge kuna la ziada: je, maua yote yanaelekea upande mmoja, au fundi amekata bila kujali? Wengine huvuruga mwelekeo kwa makusudi, na ukiuliza watakueleza kwa furaha.

Siku chache kabla ya safari, jisomee kidogo kuhusu watu waliofika mbali na kazi hii. Wanaonigusa zaidi ni akina mama Wasiddi wa Karnataka, India. Wahenga wao walitolewa Afrika, wengi upande wetu wa mashariki, na wengi wao walifikishwa Goa na Wareno kama watumwa. Wanawake hao hushona matandiko yaitwayo kawandi kwa nguo zilizochakaa. Huanzia pembeni, wakazunguka ukingo, na kuingia ndani mzunguko kwa mzunguko hadi katikati, kwa mshono wa mbele tu wa mkono, sindano ikizama na kuibuka. Pembe nne humalizwa kwa viraka vidogo vilivyokunjwa, viitwavyo maua kwa lugha yao, na bila hayo tandiko huhesabiwa kuwa bado liko uchi. Mimi wa Kigoma, niliyekulia karibu na Ujiji, ambako njia ya misafara ilipita kuelekea Tabora na pwani, siwezi kusoma habari za Wasiddi nikabaki vilevile.

Kuna pia Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani Georgia, Marekani, mwaka 1837. Matandiko yake mawili yanajulikana kuwepo hadi leo, moja Washington na jingine katika jumba la makumbusho la Boston. Tandiko hili la Boston lina sehemu 15 za picha za vitambaa vilivyobandikwa na kushonwa, na kati ya habari za Biblia ameweka usiku wa mwaka 1833 ambapo vimondo vilimiminika angani hadi watu wakadhani ni mwisho wa dunia. Na wako wanawake wa Gee's Bend, Alabama, waliounga nguo kuukuu za shamba. Mwaka 2002 kazi zao zilitundikwa katika jumba la sanaa la Houston kama picha za wachoraji wakubwa. Ukiwa na hao kichwani, hutamwuliza mama wa Urambo kwa nini ametumia suruali ya zamani.

Kuhusu tarehe, maonesho huanza Agosti 1 na kilele ni tarehe 8. Tarehe 8 ina mgeni rasmi, hotuba na umati. Kwa kutazama kazi za mikono chagua siku za katikati, asubuhi, wenye mabanda wakiwa bado na nguvu ya kuzungumza. Kutoka Kigoma kuna treni na kuna mabasi ya njia ya Uvinza, Kaliua na Urambo. Siku za treni ziulizie stesheni mapema, na chumba cha kulala kiwekee nafasi kabla, maana waoneshaji wenyewe hujaza nyumba za wageni. Agosti Tabora asubuhi ni baridi, mchana jua na vumbi: sweta, kofia au mtandio, viatu vya chini. Maji ya kunywa usiyasahau.

Mikono ina aya yake. Jasho na mafuta ya vidole huacha alama kwenye kitambaa polepole, na doa huonekana baadaye, wewe ukiwa umeshaondoka. Katika maonesho makubwa ya matandiko, kama ya Houston au yale yanayofanyika Birmingham, Uingereza, karibu kila mwaka tangu 2003, sharti kuu kwa mgeni ni kutogusa. Kwenye mengi ya aina hiyo huwapo watu maalumu wenye glavu nyeupe wa kukugeuzia ukingo uone mgongo. Ipuli hakuna glavu, kwa hiyo mwenye kazi ndiye anayegeuza, nawe unashika mikono yako nyuma. Tena Tabora ni nchi ya asali, na mabanda ya asali huita kwa kuonja. Anza na vitambaa, asali baadaye. Sisi wa Kigoma tunaolijua doa la mawese tusihitaji kuelezwa zaidi.

Jiandae kuzungumza. Salimia kwanza: shikamoo kwa mama mtu mzima, na ukijua "mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kinyamwezi, kwa bibi utakayemkuta asubuhi hiyo itaufungua uso wake. Uliza vitambaa amevitoa wapi, ameunga kwa mkono au cherehani, nani alimfundisha. Uliza kama ni kazi ya mtu mmoja au ya kikundi; mara nyingi mmoja amekata, mwingine ameunga, na majina yote yanastahili kutajwa. Kabla ya kutoa simu, omba ruhusa ya kupiga picha. Mchoro alioubuni ni mali yake, na wengi wameshaona kazi zao zikinakiliwa bila hata kuulizwa. Ukiruhusiwa na ukaisambaza picha, andika jina lake na mji wake.

Kama unakusudia kununua, fanya hesabu kabla hujaondoka nyumbani: yadi za kitenge, nyuzi, pamba, halafu siku za kazi kwa ujira ambao wewe mwenyewe ungekubali kulipwa. Bei ya kwanza utakayotajiwa haitakushtua tena. Punguzo la heshima linaombwa, lakini kumshusha fundi hadi bei ya blanketi la dukani ni kumdhulumu, na mimi sioni neno jepesi zaidi la kulisemea. Kama fedha haitoshi tandiko zima, nunua foronya au mto wa kochi wa mkono uleule. Beba noti ndogo, kwa sababu mtandao wa simu unaweza kuzidiwa watu wakijaa uwanjani.

Uliza pia kama vitambaa vilifuliwa kabla ya kuungwa. Kitenge kipya huweza kuchuja rangi na kurudi, na kiraka kimoja kikirudi peke yake huvuta wenzake. Kama havikufuliwa, mara ya kwanza tandiko lilowekwe peke yake kwenye maji baridi na sabuni kidogo, lisikamuliwe kwa kupopotolewa, lianikwe kivulini. Kwa safari ya kurudi chukua mfuko wako mkubwa wa kitambaa, kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Livingirishe tandiko uso ukiwa ndani badala ya kulikunja mara nyingi, ulifunge kwa kanga safi, na kwenye treni ulipakate. Usiliweke chini ya kiti, ambako hujui nani amepanga ndoo ya asali.