Kurudisha tredi zilizoliwa kwenye injini ya pikipiki bila kuvunja tepu

Bolti ya kava ya injini ikigoma kuingia, mafundi wengi wanakimbilia tepu (kile chuma kigumu cha kukatia tredi, yaani yale meno ya mzunguko ndani ya shimo) moja kwa moja, na hapo ndo shida inapoanzia. Tepu kazi yake ni kukata, sasa kama tredi zimejaa uchafu tu au ile ya mwanzo imelala kidogo, unakuwa unapunguza nyama iliyobaki, na alminiamu haina nyama ya kuchezea.

Kwa iyo anza na kitu cha bure. Tafuta bolti nzuri ya saizi ileile, ibane kwenye vaisi, alafu kwa msumeno wa chuma ikate mifereji mitatu kwa urefu kuanzia nchani, piga tupa kidogo kutoa makombo. Paka oili, ingiza kwa vidole, ikikaza tumia spana taratibu, rudisha nyuma, futa, ingiza tena. Tredi iliyolala inainuka, uchafu unakaa kwenye mifereji, na hata ikikwama ndani utaitoa tu kwa spana maana bolti haikatiki kama kioo, tofauti na tepu.

Ikibidi tepu kweli, hakikisha kwanza tredi zinafanana. M6 (bolti yenye unene wa milimita 6) ya kawaida ni 1.0, yaani milimita moja toka jino hadi jino, na M8 ni 1.25, ila M10 kuna ya 1.5 na ya 1.25 na hapo watu wanaharibu sana. Laza bolti ubavuni mwa tepu uangalie kwenye mwanga, meno yakilaliana bila kuacha uwazi ndo yenyewe.

Sasa kutepu. Tumia hendeli yenye mikono miwili, usishike tepu kwa spana, maana spana inavuta upande mmoja na tepu inavunjika kwa kupindishwa kuliko kwa kitu kingine chochote. Anza na ile tepu yenye ncha nyembamba, isimame wima, iangalie kutoka pande mbili. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma, mpaka usikie mkononi kale ka-tik ka chuma kinachokatika. Usiposikia hako ka-tik alafu mkono unazidi kuwa mzito, toa yote nje usafishe, hasa shimo lisilotokea upande wa pili kwa sababu vyuma vinajazana chini kabisa. Kwenye alminiamu mafuta ya taa yanafaa sana, kwenye chuma weka oili. Kama shimo linaingia ndani ya injini jaza grisi kwenye mifereji ya tepu ishike vumbi lote.

Tepu ikivunjikia ndani usiifuate na drili. Tepu ni ngumu sawa na keekee yenyewe, keekee itateleza, itakula alminiamu ya pembeni na shimo litapanuka hovyo.

Tredi zikiwa zimeisha kabisa, bolti inazunguka tu hewani, usikimbilie kuweka bolti kubwa, ukuta ukiwa mwembamba unapasuka. Weka helikoili, ile koili ya waya inayokaa ndani ya shimo na kuwa tredi mpya. Ya M6 unatoboa kwa keekee ya 6.3, unatepu kwa tepu iliyokuja na seti (tepu ya M6 ya kawaida haifai hapa), alafu unaingiza koili mpaka izame robo au nusu mzunguko chini ya uso. Kale kamkia ka chini kakate kwa panchi ndogo. Ila kwenye shimo la plagi usikagonge kabisa, katadondokea kwenye silinda, kashike na koleo ya mdomo mrefu ukatoe. Koili ni chuma kisichoshika kutu, kwa hiyo hapo panakuwa imara kuliko palivyotoka kiwandani.

Ukifunga, bolti iingie kwa vidole mizunguko kadhaa kwanza. M6 kwenye alminiamu inataka kama Nm 10 tu (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), spana fupi, mkono ushike karibu na kichwa cha bolti, na bomba la kuongezea nguvu liache kwenye boksi.