Kumlaza mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu, hatua kwa hatua

Habari za jioni wazazi. Wengi mmeuliza mtoto alale saa ngapi. Mimi naanzia kwingine: mtoto wa umri huu hajui saa, anajua kinachofuata. Akishazoea kwamba baada ya kuoga ni mswaki na baada ya mswaki ni neti, mwili unaanza kulegea tangu bafuni. Muda ukisogea nusu saa kwa sababu ya umeme au wageni, hakuna neno. Mpangilio ukivurugika, mtakesha.

1. Anza mchana. Shirika la Afya Duniani linashauri saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 2, na saa 10 hadi 13 kwa wa miaka 3 hadi 4. Hapo usingizi wa mchana umeshahesabiwa. Kwa hiyo aliyelala hadi saa kumi na moja jioni usimtegemee saa mbili usiku. Mwamshe saa tisa hivi. Kaeni mkubaliane na dada wa kazi, maana mtoto akilala ndipo na yeye anapumua.

2. Ale mapema, saa kumi na mbili na nusu au saa moja.

3. Runinga na simu zizimwe. Mwanga wa kioo huchelewesha melatonini, homoni inayoleta usingizi, na katuni moja huita nyingine. Simu naiona mbaya zaidi, kwa sababu iko karibu na macho na kumnyang'anya ni vita.

4. Aoge maji ya uvuguvugu. Akitoka, mwili unapoa, na kule kupoa ndiko kunakovuta usingizi. Midoli ibaki nje ya beseni.

5. Mswaki, dawa ya meno yenye floraidi kiasi cha punje ya mchele, halafu poti. Baada ya hapo ni maji tu. Chupa ya maziwa kitandani huozesha meno ya mbele ya juu.

6. Neti. Chomeka chini ya godoro pande tatu, uingie kwa upande wa nne, kisha mulika tochi kwenye kona za juu, karibu na mshono. Mbu aliyefungiwa ndani hupenda kutua pale. Mwachie mtoto kazi ya kumtafuta, ataipenda.

7. Hadithi moja, hata kama ni ileile ya jana. "Hadithi, hadithi!" naye aitikie "Hadithi njoo!" Anza kwa sauti ya kawaida, endelea kuishusha, mpaka sungura anapofika kwake unanong'ona. Ikiisha, imeisha. Mlaze akiwa na usingizi lakini bado macho, na hapa ndipo wengi tunaporuka. Aliyesinzia begani akishtuka saa nane usiku atalitafuta bega. Siku za kwanza atalia kidogo. Kaa pembeni, mpapase mgongo, usimnyanyue.

MASWALI YENU

Mama Pacha: Baba yao anafika saa mbili na nusu kwa ajili ya foleni. Wakisikia geti tu, wote wako juu!

Jibu: Pole dada. Mpe baba hatua yake. Akiwahi, hadithi ni ya kwake. Akichelewa, aingie kimyakimya, na asubuhi awaogeshe na kuwavalisha yeye. Kurushwa juu baada ya mswaki ni marufuku, hata kama wamemkumbuka kiasi gani.

Mzazi wa Mbagala: Jirani ananishauri nimpe dawa ya mafua, eti inalaza.

Jibu: Usithubutu. Dawa hizo husinzisha kama athari ya pembeni, na kwa mtoto mdogo kipimo kikizidi kidogo kupumua kunaweza kupata shida. Lakini kama anakoroma kila usiku na kulala mdomo wazi, mpeleke hospitali akaangaliwe nyama za puani.

Bibi Tanga: Mjukuu wangu anapiga kelele katikati ya usiku, macho wazi, hatutambui. Nasema kachezewa.

Jibu: Shikamoo bibi. Mara nyingi huo ni usingizi mzito uliokatika nusu, na huzidi mtoto akichoka sana au akiwa na homa. Msimtikise wala kumwamsha. Kaeni karibu asianguke, baada ya dakika chache atarudi kulala, na asubuhi hatakumbuka. Dua msomee, ila kwa sauti ya chini. Akikakamaa au mikono na miguu ikirukaruka, hiyo inaweza kuwa degedege, mkimbizeni hospitali.

Baba Junia: Sisi ni chumba kimoja, taa na runinga vyote humo humo.

Jibu: Tundika kanga mbili kwenye kamba kati ya kitanda na kochi. Taa kubwa izimwe, tumieni ya pembeni au ya chaji, na taarifa ya habari sikilizeni kwa spika za masikioni. Sauti za nyumba hazimsumbui sana mtoto, mradi zisipande na kushuka ghafla. Kinachomwamsha ni mechi.