Namna ya Kuhesabu Korosho Zinazoanguka kwa Sensa ya Matukio

Katika mabanda ya kubangulia korosho huku Mtwara, korosho ghafi humiminwa kutoka kwenye gunia zikateremka katika mfereji wa bati, na anayetaka kujua idadi yake huishia kukadiria kwa uzito. Kamera ya kawaida haimsaidii sana, kwa sababu korosho iliyoanguka sentimita 30 huwa na mwendo wa mita 2.4 hivi kwa sekunde, na kamera inayopiga picha 30 kwa sekunde huiona mara moja, kisha huikuta imekwisha kushuka sentimita 8. Sensa ya matukio, yaani kihisi cha kamera kinachonasa mabadiliko ya mwanga tu, haipigi picha nzima. Kila pikseli, yaani kitone kimoja cha sensa kinachopokea mwanga, hujitegemea na kukaa kimya mpaka mwanga unaoifikia ubadilike kupita kizingiti, ndipo hutoa taarifa ya mahali ilipo, wakati kwa mikrosekunde, na kama mwanga umepanda au umeshuka; taarifa hiyo moja ndiyo huitwa tukio.

Sensa ya IMX636 ya Sony, iliyoundwa pamoja na Prophesee ya Ufaransa na kutangazwa mwaka 2021, ina pikseli 1,280 kwa 720 na vichujio vya ishara ndani ya chipu yenyewe. Vichujio hivyo ni msaada mkubwa, lakini nasisitiza kwamba visiguswe kabla mwanga haujatengemaa.

Anza, basi, na taa. Umeme wa gridi yetu ni wa hezi 50, na taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halitambui, ila sensa huandika kila mpepeso. Tumia taa ya LED inayopata umeme wa betri moja kwa moja, isiyo na kipunguza mwanga, na uielekeze kwenye ubao uliopakwa rangi nyeupe isiyong'aa nyuma ya mahali korosho zinapoanguka. Ziba pia dirisha la upande huo, kwa kuwa kivuli cha mnazi unaotikiswa na upepo wa bahari hutoa matukio kama kitu kingine chochote kinachosogea.

Kulenga lenzi huwatatiza wengi, maana mbele ya kitu kilichotulia sensa haionyeshi chochote. Ning'iniza karatasi yenye mistari myeusi mahali korosho zitakapopita, uitikise polepole, na uzungushe lenzi mpaka kingo za mistari zionekane nyembamba kabisa.

Sasa rekebisha vizingiti. Pikseli hupima uwiano wa mabadiliko: mwanga ukipanda kutoka 100 hadi 130, au kutoka 1,000 hadi 1,300, kwake ni badiliko lile lile. Mfereji ukiwa mtupu, pandisha kizingiti hadi vitone vinavyomweka ovyo vipungue, kisha dondosha korosho moja na utazame kwa makini. Ukingo wake wa mbele, ulio mweusi kuliko ubao, hutoa matukio ya mwanga kushuka, na ukingo wa nyuma hutoa ya mwanga kupanda. Jozi hiyo ndiyo alama ya korosho moja. Upande mmoja ukikosekana, teremsha kizingiti cha upande huo.

Baada ya hapo zima pikseli zote zilizo nje ya ukanda wa kuhesabia, na uwashe kichujio kinachofuta matukio yasiyo na jirani. Kidhibiti cha wingi wa matukio nakishauri kiachwe kimezimwa, kwani hutupa matukio yanapozidi, na yanapozidi ndipo korosho nyingi zinapopita.

Mfereji uwe mwembamba kiasi cha kupitisha safu moja tu, na sensa iutazame kwa mbele, ili korosho zisifichane. Hesabu korosho 200 kwa mkono, zimimine mara tatu, na ulinganishe. Rudia jaribio saa nane mchana, bati la paa likiwa limewaka jua, kwa sababu joto huongeza matukio ya uongo, na kizingiti kilichofaa asubuhi huenda kikahitaji kupandishwa.