Sauti ya mgombea imeingia kwenye simu yako: ikague kwanza

Tazama kalenda kabla ya kusikiliza. Siku mbili kabla ya uchaguzi wa Slovakia wa Septemba 30, 2023, ilisambaa sauti ya Michal Šimečka, kiongozi wa chama cha Progressive Slovakia, eti akipanga wizi wa kura. Ilikuwa ya kughushi. Sheria ya huko hunyamazisha kampeni saa 48 kabla ya kura, hivyo uongo ulienea wakati kuukanusha ni kugumu. Kashfa nzito isiyo na chanzo, ikitoka dakika za mwisho, ishuku.

Sikio lako usiliamini sana. Sauti iliyotumwa mara nyingi kwenye simu hubanwa, na mikwaruzo huficha kasoro za sauti iliyotengenezwa na akili mnemba. Uliza badala yake: nani alirekodi, wapi, na rekodi nzima iko wapi? Kisha tafuta sentensi moja ya sauti hiyo pamoja na jina la mgombea, uone kama vyombo viwili vya habari vimeichunguza vyenyewe, bila kunakiliana.

Ikiwa kuna kiungo, soma anwani herufi kwa herufi, hasa mwisho wa jina la tovuti. Gazeti la Ufaransa Le Monde liko lemonde.fr, wapika propaganda wa Urusi, katika operesheni iliyopewa jina Doppelganger, walifungua lemonde.ltd yenye sura ileile.

Halafu kagua akaunti: ilifunguliwa lini, imebadili jina mara ngapi, inaendeshwa kutoka nchi gani. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa sababu ukurasa unaosema yaliyo moyoni mwetu hatuukagui. Mei 21, 2016, mjini Houston, Marekani, kurasa mbili za Facebook ziliita watu mbele ya kituo kimoja cha Kiislamu: Heart of Texas ikiita wapinzani wa Uislamu, United Muslims of America ikiita watetezi. Zote mbili ziliendeshwa na Internet Research Agency, kampuni ya propaganda za mtandaoni ya Saint Petersburg, Urusi. Watu walijitokeza kweli, wakazomeana barabarani.

Ukigundua ni uongo, usiusambaze hata kwa nia ya kuukanusha. Andika ukweli kwanza. Ikibidi kuonyesha picha, ipige chapa UONGO katikati, kwani maandishi ya pembeni hukatwa. Kabla ya kuripoti, hifadhi kiungo na picha ya skrini yenye tarehe, saa na jina la akaunti: chapisho likifutwa, wachunguzi wataanzia hapo.